Bloki za viraka zinakataa kukutana: tafuta kosa hapa kabla hujafumua

Wengi wanaoshona blanketi la viraka wanaiona shida siku ya kuunganisha. Bloki, yaani ile miraba uliyoishona kwa viraka kadhaa, umezipanga kitandani, kila moja peke yake inapendeza, ukianza kuziunga safu kwa safu ndo unakuta hii imezidi, ile imepungua, pembe hazigusani, katikati kumetuna. Basi mtu anachukua wembe anafumua ule mshono wa mwisho aliotoka kuupiga sasa hivi. Anafumua bure jamani, kosa halipo pale, kosa lilishapita zamani kwenye mkasi au kwenye pasi, na kwa kuwa bloki ni ileile inarudiwa basi na kosa nalo limerudiwa kila bloki bila wewe kujua.

Mfano wangu wote hapa ni bloki ya viraka tisa, vitatu kwa vitatu, kwa sababu wengi wanaanzia hapo na kwa sababu mabaki ya vitenge yanayotoka kwa mafundi yanatosha kabisa kukata mraba wa inchi 2½. Viraka tisa vya inchi 2½ vikishonwa kwa mshono wa robo inchi vinatoa bloki ya inchi 6½, ambayo ikishaungwa na wenzake pande zote itabaki inchi 6. Ukitaka blanketi la inchi 48 kwa 60 unahitaji bloki 80, yaani viraka 720, vya rangi iliyoiva 400 na vya rangi nyepesi 320 kama umeweka iliyoiva kwenye pembe na katikati. Shika hizo namba tutazirudia.

Kabla ya yote, chukua tepu upime bloki kama kumi hivi, sio moja. Andika. Zikiwa zimekosea kwa kiasi kilekile zote, ugonjwa ni mwingine, zikiwa kila moja na lake, ugonjwa ni mwingine kabisa, na dawa zake haziingiliani.

Bloki zote ndogo, na zote zimepungua sawa

Umepima ukapata 6¼ badala ya 6½, bloki baada ya bloki. Hapa shukuru, maana mkono wako umetulia, ila mshono umekula kitambaa kuliko ulivyopanga. Watu wanadharau kwa sababu kwa macho huoni kitu. Mshono ukizidi moja ya kumi na sita ya inchi tu, ambayo ni kama milimita moja na nusu, unakula upande wa huku na upande wa kule, kwa hiyo kila mshono unapoteza moja ya nane. Bloki ina mishono miwili kwa kila upande, tayari robo inchi imeondoka. Sasa weka bloki kumi kwenye mstari mmoja, ndani yake kuna mishono 20 na ya kuungia 9, jumla 29, zidisha, blanketi lililotakiwa kuwa na urefu wa inchi 60½ kabla ya kupindwa linatoka kama 56 na kitu. Inchi tatu na nusu na zaidi zimeliwa na milimita moja na nusu!

Chanzo cha kwanza ni kuamini kile kiguu cha cherehani. Mtu kaambiwa fuata ukingo wa kiguu ndo robo inchi, lakini kiguu cha Butterfly ya kukanyaga na cha zile mashine ndogo za umeme zenye zigizaga sio upana mmoja, kile cha zigizaga mara nyingi ni kipana zaidi. Pima mwenyewe: teremsha sindano iguse rula, hesabu robo inchi kwenda kulia, hapo bandika plasta ya kidonda kwenye bati lililo chini ya sindano, tena ukiweza bandika mbili juu ya nyingine ili kuwe na kaukuta kitambaa kikigusa unakisikia kwa kidole. Mashine nyingi nyeusi za zamani zina tundu mbili za skrubu pale kulia kwa ajili ya kufunga kizuizi cha chuma, ukikipata kizuizi chenyewe ni bora kuliko plasta.

Chanzo cha pili kinawachanganya hata mafundi wazoefu wa magauni: mshono ukiukunja na kuulaza na pasi, lile kunjo lenyewe nalo linakula kitambaa kidogo. Kwenye gauni haina shida, kwenye viraka 720 ina shida. Ndo maana unashona robo inchi kasoro uzi mmoja, kidogo tu ndani ya robo. Na kitenge kizito kinakula zaidi kuliko khanga.

Jaribio lake ni dogo sana na sijui kwa nini watu hawalifanyi. Kata vipande vitatu virefu vyenye upana wa inchi 1½, vishone ubavu kwa ubavu, piga pasi, halafu pima kile cha katikati peke yake. Kinatakiwa kisome inchi 1 kamili. Kikisoma pungufu sogeza plasta kushoto kuelekea sindano, kikizidi sogeza kulia, rudia mpaka kikubali. Ukishapata usiiguse tena hiyo plasta, na mashine usimwazime mtu mpaka kazi iishe.

Na kama bloki nyingi kati ya zile 80 zimeshashonwa kwa 6¼? Usifumue hata moja. Zote ziko sawa, kwa hiyo unachohitaji ni kushona zilizobaki kwa mshono uleule mbaya na kukubali blanketi dogo, au kuongeza pindo pana pembeni lirudishe zile inchi. Shida inakuja ukishtuka katikati ukarekebisha mashine, ndo unapata nusu za hivi na nusu za vile, hapo umeingia kwenye ugonjwa unaofuata.

Kila bloki na ukubwa wake

Hapa ni mkasi. Au ni kipimo ulichokatia.

Kosa namba moja, nimeliona kwa watu wengi sana, ni kukatia kiraka kwa kiraka. Umekata cha kwanza kizuri, ukakiweka juu ya kitambaa ukakata cha pili, halafu cha pili ukakitumia kukata cha tatu, kwa sababu ndo kilichokuwa karibu na mkono. Kila mara mkasi unapita nje kidogo ya ukingo, ukifika cha thelathini umeshakuwa na 2¾. Kipimo kiwe kimoja kuanzia mwanzo mpaka mwisho na kiwe cha kitu kisicholiwa na mkasi. Boksi la karatasi linachakaa, pembe zinakuwa za duara bila wewe kuona. Filamu ya x-ray ya zamani ndo mkombozi: ngumu, haiteleziteleza ukiibandikia kasandpepa mgongoni, na inapitisha mwanga kwa hiyo unaona ua la kitenge liko wapi kabla hujakata.

Halafu chaki. Chaki butu ya fundi inachora mstari mnene, na swali ni unakata ndani ya mstari, juu yake au nje? Amua moja. Mimi nasema ndani, mstari ubaki kwenye takataka. Ukipata penseli au kasabuni kakavu kalikochongwa vizuri ndo safi zaidi.

La tatu ni kukata tabaka nyingi kwa pamoja. Mkasi ukiuma tabaka nane zile za chini zinasukumwa mbele, kwa hiyo cha juu kinatoka mraba na cha chini kinatoka kama kimepigwa na upepo. Tabaka mbili mwisho nne kwa mkasi. Wenye kile kisu cha gurudumu na ubao wake wanaweza kwenda sita, kama kinakata vizuri.

Na la nne ni kitambaa chenyewe. Mabaki ya kwa fundi ni mchanganyiko, kuna kitenge cha pamba, kuna kitenge cha poliesta kinachofanana nacho kabisa, kuna khanga, kuna kipande cha bitana kimejificha humo. Chomoa nyuzi mbili tatu uziunguze: pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu, poliesta inajikunja na kuacha kadonge kagumu. Poliesta itoe tu, pasi ya kulaza pamba itaikunja. Ule ukingo wenye maandishi ya kiwanda nao usiuingize kwenye kiraka, umefumwa kwa kubana kuliko sehemu nyingine na ukifuliwa unajikaza tofauti. Khanga unaweza kuchanganya na kitenge, ila itie dondo kwanza, ule wanga wa muhogo mwepesi, ianike, ipige pasi ndo uikate, ikiwa laini inakimbia chini ya mkasi.

Sasa umeshazishona na hazilingani, unafanyaje? Panga mafungu matatu, ndogo, za kati, kubwa. Zikitofautiana kwa moja ya nane ya inchi au chini ya hapo, unga hivyohivyo, bana ncha mbili kwa pini na katikati pini, halafu ile iliyo kubwa weka CHINI, upande wa meno ya cherehani. Meno yanavuta tabaka ya chini kwa kasi kuliko kiguu kinavyoruhusu ya juu, kwa hiyo ile ziada inamezwa polepole bila kukunjamana. Ukiweka kubwa juu unapata kunjo mwishoni, kila mara. Zikizidi robo inchi, usilazimishe. Zipunguze zote zifuate iliyo ndogo kabisa (utapoteza upana kwenye viraka vya pembeni, sio mwisho wa dunia), au zungushia zile ndogo kamba nyembamba ya kitambaa cha rangi moja kisha zikate zote kuwa sawa, na kwa kweli kwenye vitenge vyenye kelele nyingi kamba ya rangi moja inapumzisha macho.

Kama kupima kunakuchosha roho kabisa kuna njia nyingine ya watu wenye asili ya huku kwetu. Wasiddi wa Karnataka kule India, ambao mababu zao walitoka Afrika Mashariki, wanashona mablanketi wanayoyaita kawandi na hawatengenezi bloki hata moja. Wanatandika sari kuukuu, wanaanzia pembeni na kuzunguka kuja katikati wakipachika viraka kwa mkono, kila kimoja kinakunjwa ukingo palepale kifuate nafasi iliyopo, na mwisho kwenye pembe wanabandika vipembe vilivyokunjwa wanavyoviita phula. Hamna cha 6½ wala cha pembe kukutana. Lakini kama umeshakata viraka 720 za mraba, endelea tu na zako.

Pembe hazikutani katikati ya bloki

Umepima kiraka kiko sawa, mshono uko sawa, bloki ni 6½, lakini pale pembe nne zinapotakiwa kugusana moja imepanda moja imeshuka. Hii ni pasi, yaani umelaza mishono ovyo.

Safu ya kwanza, laza mishono yake yote iangalie nje. Safu ya pili, yote iangalie ndani. Ya tatu nje tena. Ukizikutanisha uso kwa uso, vile vinundu viwili vya mshono vinagongana na kufungana, unavisikia kabisa kwa kidole gumba, kama vikikaa hapo hata pini huhitaji. Vikiwa vimelala upande mmoja vinapandana, panakuwa na kilima, kiguu kikifika pale kinateleza na pembe inahama. Kwenye viraka tisa inakubaliana vizuri na ile kanuni ya kulaza mshono kuelekea rangi iliyoiva, maana safu ya kwanza na ya tatu viraka vilivyoiva viko nje na ya pili kilichoiva kiko katikati. Jipangie tu.

Ila kuna ujanja wa kuunga: safu mbili zikikutana, mshono wa juu uangalie mbele kuelekea sindano na wa chini uangalie kwako. Kiguu kinasukuma ule wa juu ukaushike wa chini. Ukigeuza kinyume vinaachana.

Na kama unatumia pasi ya mkaa, tikisa jivu nje kwanza, na weka kitambaa chepesi juu ya bloki. Sisemi zaidi, kila mtu anaijua hiyo hasira.

Bloki imetuna kama bakuli, au kingo zinacheza mawimbi

Watu wanazichanganya hizi mbili na ni kinyume kabisa. Ikituna katikati maana yake kingo zimebanwa, ni fupi kuliko tumbo. Ikicheza mawimbi pembeni maana yake kingo zimevutika, ni ndefu kuliko tumbo.

Ya bakuli, angalia uzi. Vuta mshono kwa vidole viwili kwa urefu wake, ukisikia ta! uzi umekatika, basi umekazwa mno. Legeza kidude cha kukaza uzi wa juu kidogokidogo mpaka fundo likae katikati ya tabaka mbili, lisionekane juu wala chini, na mshono uwe kama 10 mpaka 12 kwa inchi, sio ule mdogo wa kufungia zipu. Angalia na bobini, kama imejazwa kwa kulegea au imejazwa mpaka inamwagika inabana ikizunguka.

Ya mawimbi ni mshazari. Kitambaa kina tabia zake: ukikivuta kwa urefu, kuambaa na ule ukingo wenye maandishi, hakitaki kabisa kuvutika, ukikivuta kwa upana kinakubali kidogo, ukikivuta kona kwa kona kinanyooka kama lastiki. Kiraka kilichokatwa kimepinda kwa sababu ulikuwa unakwepa tundu kwenye baki la kitenge, kingo zake ni mshazari, na ukija na pasi ukaiburuta huku na huku umeshakiongeza urefu. Pasi kwenye viraka inawekwa, inakandamizwa, inanyanyuliwa. Haiburutwi.

Dawa ikishatokea: chora mraba wa 6½ kwa penseli kwenye shuka jeupe kuukuu, tandika kwenye meza ya pasi, nyunyizia bloki maji kidogo, ibane kwa pini pembe nne zikae kwenye mraba, kandamiza pasi kuanzia kingo kuja katikati, kisha IACHE IPOE hapohapo kabla hujatoa pini. Ukiitoa ya moto inarudi ilivyokuwa. Inayokataa hata hapo ina kiraka kimoja chenye kosa, kitafute, badilisha hicho tu.

Ncha za pembetatu zimekatwa

Hii ni kwa waliohamia kwenye bloki zenye nusu mraba, zile za kutengeneza nyota. Ncha imezama ndani ya mshono, nyota inakuwa butu. Sababu kubwa ni kukata pembetatu kwanza halafu kushona, maana ule upande mrefu wote ni mshazari unavutika mkononi. Usikate. Chukua miraba miwili ya inchi 3, iweke uso kwa uso, chora mstari kona mpaka kona, shona robo inchi huku na robo inchi huku, ndo ukate juu ya mstari. Umepata mbili. Piga pasi, kisha kwenye kipimo chako cha x-ray cha 2½ kwaruza mstari wa kona kwa kona na msumari, mstari ukae juu ya mshono, punguza. Zitatoka mraba kweli.

Kwenye kuunga, geuza mgongo uangalie juu, utaona mishono inakatana kama X. Pitisha sindano uzi mmoja upande wa nje wa X, sio katikati yake. Hapo ncha inabaki.

Kuna bloki imegeuka, nimeiona kwenye picha tu

Unashona kwa mnyororo, yaani kiraka baada ya kiraka bila kukata uzi, ambayo ndo njia ya maana kwa kazi ya kurudia maana inaokoa uzi na muda, lakini hapo ndo kichwa kinalala. Ukitandaza zote chini na kupiga picha na simu kosa linaruka machoni, sijui kwa nini macho yenyewe hayaoni. Bloki moja shona mpaka mwisho, ipime, ibandike ukutani juu ya mashine. Hiyo ndo mama. Nyingine zote zinafuata ile. Halafu ukishona mnyororo usikate vile vijiuzi kati ya safu, viache viunganishe bloki nzima, kiraka hakipati nafasi ya kuhama wala kugeuka. Kuhusu vitenge vyenye ndege au samaki, amua mapema kama wote wasimame au waruke watakavyo. Mimi nawaacha waruke, ukitaka wote wasimame utatupa kitambaa kingi.

Sindano inakula kona ya kiraka mwanzoni

Anza mnyororo kwenye kabaki, shona kabaki, halafu lisha kiraka cha kwanza nyuma yake. Shika nyuzi mbili nyuma ukianza. Sindano namba 14 mpya. Ikiendelea kula, tundu la bati ni pana la zigizaga, tafuta bati lenye tundu dogo.

Limefuliwa likaharibika

Rangi imetoka, nyekundu imeingia kwenye nyeupe. Hii ilitakiwa ijulikane kabla ya kukata: lowesha pamba nyeupe, sugua kitenge, ikitoka rangi loweka na ufue mpaka maji yawe meupe, isipoacha usiichanganye na nyeupe. Chumvi na siki wanavyokuambia usivitegemee, haviishiki rangi ya kitenge cha kiwandani. Kama imeshatokea usilianike, likikauka rangi imelala humo. Loweka lote palepale kwenye maji mengi na sabuni, beseni kubwa kabisa ulilonalo, badilisha maji mpaka yatulie.

Limesinyaa sehemu na sehemu: umechanganya kitenge kilichofuliwa na kipya chenye wanga wake wa dukani. Fua vyote kabla ya kukata, hata kabaki, tia kwenye foronya uifunge mdomo visichambuke.

Mshono umeachia: kitambaa kilikuwa kinachambuka na ile robo inchi ikaisha. Usivute kuurudisha, kitambaa cha kushika hakipo tena. Kata kiraka kipya inchi 2½, kunja robo inchi pande zote, kiweke juu ya kilichoharibika, shona kwa mkono kwa mshono mdogo uliojificha. Ukichagua kitenge kinachofanana hakuna atakayejua kilipo.